Shingo ya Gunia

Barabara itokayo Nakuru ikishaachana na ile ya Eldoret pale Mau Summit hushika njia ya Kericho, ikapita Kedowa, ikafika Chepseon. Ni kituo cha biashara kama vingine vingi vya Bonde la Ufa: maduka yaliyopangana kando ya lami, bodaboda wanaongoja abiria, mama wa viazi na kabichi, lori linalopakia huku injini ikinguruma. Salamu ni chamgei, jibu ni mising, kisha watu wanaingia kwenye bei. Anayetaka kujua jinsi binadamu anavyofunga vitu hana haja ya kwenda mbali. Asimame hapo nusu saa.

Atamwona kijana ameinamia gunia la viazi, shazia mkononi. Viazi vimejazwa hadi vikapita ukingo na kusimama juu ya gunia kama kilemba. Kamba inapita kushoto na kulia, kushoto na kulia, mpaka kilemba kinakaa ndani ya wavu. Hatua tatu kutoka hapo, mama wa minji anausokota mfuko shingoni na kuupiga fundo. Nyuma ya pikipiki, magunia mawili yamebanwa kwa vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Na nambari ya pikipiki hiyohiyo, ambayo skrubu zake zilianguka zamani, inashikiliwa na tai mbili nyeusi za plastiki, zile ambazo duka la vifaa linaziuza kwa pakiti na fundi wa umeme anaziita kebo tai.

Katika Kiswahili tai ni ndege mla mizoga, na tai pia ni kitambaa cha shingoni. Hiki kidude cha plastiki kimepewa jina la kitambaa, ingawa kwa jinsi kinavyong'ang'ania kingestahili la ndege. Ukishaivuta ikalia kr-kr-kr na kubana, hairudi nyuma. Siku ya kuitoa hutafutwa kisu. Kipande kinaanguka kwenye murram, mvua ya alasiri inakizika, na kesho yake fundi anafungua pakiti nyingine.

Chanzo chake kiko mbali na viazi. Mwaka 1956 Maurus Logan, aliyefanya kazi katika kampuni ya vifaa vya umeme ya Thomas & Betts huko Marekani, alitembelea kiwanda cha ndege cha Boeing. Ndege moja ilikuwa na nyaya nyingi ajabu, na mafundi walizifunga mafungu mafungu kwa kamba ya nailoni iliyotiwa nta, fundo baada ya fundo, kwa mkono. Kukaza fundo kulitaka kamba izungushwe kidoleni na kuvutwa kwa nguvu, basi vidole vilichanika, vikapona, vikaota sugu. Logan alirudi na wazo la fundo lisilohitaji kidole. Juni 1958 maombi ya hataza yaliwasilishwa, na kampuni ikaiuza bidhaa hiyo kwa jina Ty-Rap. Ya kwanza ilikuwa na jino dogo la chuma kichwani. Baadaye zikaja za nailoni tupu, kipande kimoja kilichomiminwa mara moja kwenye kalibu.

Inafaa kumtendea haki Logan. Nyaya za ndege hazitakiwi kufunguka angani, na aliyezifunga hatarajii kuzifungua kesho asubuhi. Kwa kazi ile, kifungo kisichorudi nyuma kilikuwa ndicho hasa kilichotakiwa. Tatizo lilianza pale kifungo cha ndege kiliposhuka ardhini na kuingia katika maisha ya watu ambao hufunga asubuhi na kufungua jioni.

Na watu hao, kwa lugha yao, walikuwa wamekwisha kulitafakari jambo hili. Kiswahili hakijaridhika na kitenzi cha kufunga peke yake. Kimekiwekea kinyume chake ndani ya mwili wake. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Choma, chomoa. Irabu moja inaingia mwishoni mwa mzizi na kitendo kinarudi kilikotoka. Kimombo hubandika kiambishi mbele ya neno kama anayekumbuka jambo baadaye. Kwetu kufungua kumo tumboni mwa kufunga. Hata chombo cha mlangoni tumekiita ufunguo, kwa kazi yake ya kufungua, ingawa ndicho hichohicho kinachofunga. Watu wa mwambao huhesabu miezi baada ya Ramadhani kwa Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa: robo tatu ya mwaka inabeba jina la kufungua. Kwa masikio yaliyolelewa hivyo, kebo tai ni kitenzi kilichokatwa mkia. Ni funga isiyo na fungua.

Pako mahali ambapo tunaitaka hivyo. Siku ya uchaguzi masanduku ya kura ya Kenya hufungwa kwa vifungo vya plastiki vyenye nambari, na mawakala wa vyama huzinakili nambari hizo kwa sababu moja: kifungo kikikatwa na kingine kikatiwa, nambari itasema. Malori ya makontena yapitayo barabara hii ya magharibi nayo yana vifungo vyao milangoni. Hapo kifungo kinachofunguka bila kuacha alama kingekuwa hatari. Lakini hicho kina jina lake la zamani, lakiri. Wazee waliyeyusha nta nyekundu juu ya barua na kuigonga muhuri, aliyeifungua alijulikana. Lakiri ni shahidi, na kamba ni mtumishi. Kebo tai ilitengenezwa kwa tabia ya lakiri, ikauzwa kwa kazi ya kamba.

Sasa, je, inawezekana kuirudishia mkia wake? Imekwisha kufanyika, na siri yenyewe ni ndogo hadi inachekesha. Ndani ya kichwa cha tai kuna ulimi. Mkanda una meno yenye mteremko upande mmoja na ukuta upande wa pili. Ukivuta mbele, ulimi unapanda miteremko na kuruka, ndiyo sauti ile ya kr-kr-kr. Ukivuta nyuma, ulimi unagonga ukuta, na kadiri unavyozidi kuvuta ndivyo unavyozidi kujikaza. Mafundi wengi wanajua kuudanganya: unachomeka sindano au bisibisi nyembamba chini ya ulimi, unauinua kidogo, mkanda unateleza kurudi. Tai ya kutumika tena haina uchawi zaidi ya huo. Mbunifu ameurefusha ulimi ukatokeza nje ya kichwa, ili kidole gumba kiukandamize badala ya sindano. Tofauti kati ya tai ya kutupa na tai ya kurudia ni plastiki yenye ukubwa wa ukucha.

Uko muundo mwingine, pengine unaopendeza zaidi kwa jicho la Kiafrika Mashariki: uzi wa shanga. Mkanda una vidonge vilivyofuatana kama shanga, na kichwani kuna tundu lenye umbo la tundu la ufunguo, pana upande mmoja, jembamba upande mwingine. Shanga inapita kwenye upana, kisha inasukumwa hadi kwenye wembamba, inakwama. Ukitaka kufungua unairudisha kwenye upana. Hakuna ulimi wa kuchoka wala meno ya kuziba kwa matope, na mtu anaweza kuutumia gizani kwa kupapasa.

Matope si jambo la kupuuza. Mtu anayechora tai mezani, kwenye kompyuta, huchora kitu kikavu kilichoshikwa na vidole vikavu. Chepseon iko juu katika nyanda zinazopata mvua karibu mwaka mzima, na vidole vya saa kumi na mbili asubuhi ni vya baridi, vimelowa, pengine vina udongo wa viazi. Kitufe kidogo cha kukandamiza kwa gumba kinachofanya kazi ofisini hapa kinateleza. Meno membamba yanajaa udongo mwekundu na ulimi unapanda juu ya udongo badala ya kushika. Mbunifu mwenye busara angeanza na mikono hiyo, kisha ndiyo aende kwenye plastiki.

Plastiki nayo ina hadithi yake. Nailoni ni ngumu na ina nguvu, lakini huhitaji unyevu kidogo ndani yake. Ikikaukiwa sana huvunjika kama kijiti. Kwa hali hiyo Kericho ni makazi yake mema. Polipropilini ina sifa nyingine: ukiifanya nyembamba mahali fulani, mahali hapo hukunjika mara nyingi mno bila kukatika, kama kifuniko cha chupa ya sosi kinavyofunguliwa kila siku kikabaki kimeshikana. Na ndiyo plastiki iliyofumiwa magunia meupe yale yanayojaa kila soko la Kenya. Tai ya gunia iliyotengenezwa kwa polipropilini ingeweza kwenda kwenye kuyeyushwa pamoja na gunia lake, bila mtu kukaa kuzichambua.

Adui yake ni jua. Kila aliyewahi kuacha gunia jeupe nje miezi kadhaa anaijua aibu ya kulishika likamvunjikia mkononi vipande vipande kama magamba. Dawa iliyozoeleka ni masizi ya kaboni, yanayochanganywa kwenye plastiki ili yaumeze mwanga kabla haujaikata. Ndiyo sababu tai nyeusi hudumu nje kuliko nyeupe. Basi mtu atasema suluhisho limepatikana: iwe nyeusi.

Hapo ndipo chai inapokuja kuharibu hesabu.

Ukiendelea na barabara ileile kuelekea mjini Kericho, mashamba ya chai yanafunguka. Kampuni ya Brooke Bond ilianza kupanda huku katikati ya miaka ya 1920, na tangu miaka ya 1960 wakulima wadogo wameingia kupitia shirika la chai la KTDA na viwanda vyake. Majani mabichi, mawili na chipukizi, hupelekwa kituoni, yakapimwa, yakapakiwa kwenye lori. Lori la majani lina vyuma vyenye ndoano ndani, na mifuko huning'inizwa humo badala ya kurundikwa, kwa sababu jani lililobanwa hupata joto, likaanza kugeuka rangi kabla ya wakati wake. Mfuko wa chai unatakiwa upumue. Kifungo chake kisibane kupita kiasi, na la muhimu zaidi, kisidondoke ndani.

Kikidondoka, kinasafiri na majani hadi kiwandani. Huko majani hunyaushwa, kisha hupita kati ya rola zenye meno za CTC zinazoyakata, kuyapasua na kuyaviringisha. Msumari unaweza kunaswa na sumaku njiani. Plastiki haina habari na sumaku. Itakatwakatwa pamoja na jani, na vipande vya plastiki nyeusi ndani ya chai nyeusi ni kama nzi kwenye chungu cha dengu: utamjua ukishamtafuna. Viwanda vya vyakula duniani vimelijua hili zamani. Plasta za vidonda za wafanyakazi wao huwa za buluu, tai zao huwa za buluu, kwa kuwa karibu hakuna chakula chenye rangi hiyo na jicho hulishtukia haraka. Nyingine huchanganywa na unga wa chuma ili mashine ya kutambua chuma ipige kelele. Kwa hiyo jua linataka tai nyeusi, na chai inataka tai ya buluu. Kitu kirefu kama kiganja, na tayari wakubwa wawili wanakigombania.

Lakini turudi kwa kijana mwenye shazia, maana yeye ndiye mwenye fumbo zito kuliko yote. Kwa nini anashona? Gunia lililojazwa kwa kiasi lina shingo. Unakusanya ukingo wake kwa mikono miwili, unausokota, na hapo panapatikana mahali pa kufunga: kwa kamba ya katani, kwa tai, kwa chochote. Gunia lenye kilemba halina shingo. Hakuna pa kusokota. Halifungiki, linashonwa tu. Gunia hilo Wakenya wanaliita lumbesa, na Watanzania wana kilio chao juu yake kwa jina hilohilo.

Lumbesa ni namna ya kununua kilo nyingi kwa bei ya gunia moja. Dalali hununua kwa gunia, akauza kwa kilo au kwa debe, na kilemba chote ni chake. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Sheria hiyo inataka mizani, mkaguzi, kituo cha ukaguzi, faili. Yote mazuri. Lakini mtu aliyekaa Chepseon nusu saa anaanza kujiuliza kama isingewezekana pia kuitunga kwa lugha ya kamba: gunia lolote liuzwalo liwe limefungwa shingoni. Asiye na mizani angeliona kosa akiwa ng'ambo ya barabara. Mwenye gunia angelazimika kuacha shingo, na shingo haijazwi viazi.

Hesabu ya kweli haiwezi kuwa nyepesi hivyo, bila shaka. Ukubwa wa gunia lenyewe hubadilika, na anayetaka kuiba ataanza kushona magunia marefu. Hata hivyo wazo hilo linaonyesha jinsi tai isivyo kitu cha pembeni. Inadai umbo fulani kutoka kwa mzigo. Kabla hujaniweka, inasema, niachie nafasi.

Na gunia lililoshonwa lina tabia moja zaidi. Anayelifungua hukata uzi, na uzi uliokatwa hauwi uzi tena. Jirani yake, mfuko wa minji wenye fundo, hufunguliwa na mnunuzi nyumbani, ukajazwa kitu kingine, ukafungwa tena. Ndiyo maana katazo la mifuko ya plastiki liliuma kuliko wengi walivyotarajia. Serikali ya Kenya ilitoa tangazo mwezi Februari 2017 na likaanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, likiwa na faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Lilitaja aina mbili: mfuko wenye mikono na mfuko usio na mikono. Juala la sokoni, lile ambalo Tanzania waliliita Rambo kabla nao hawajalipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, lilikuwa na sifa ambayo wanaharakati hawakuisema sana: mikono yake miwili ilikuwa ndiyo kamba yake. Ulibeba nayo, ukafungia nayo. Mfuko wa kaki uliolirithi haufungiki kwa fundo, na ule wa kitambaa cha polipropilini una mikono mipana isiyokubali kusokotwa. Watu walipoteza mfuko pamoja na fundo lake siku moja.

Tai ya plastiki haikutajwa katika tangazo hilo. Haina mikono, na haikosi mikono kwa maana ya sheria, si mfuko. Inaendelea kuuzwa kwa pakiti, na vipande vyake vinaendelea kulala barabarani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeanza kumwuliza mzalishaji bidhaa yake inaishia wapi, na swali hilo likifika siku moja kwenye vitu vidogo hivi, ulimi wa ukubwa wa ukucha utaanza kuonekana rahisi kuliko tozo.

Kwa sasa, mshindani mkubwa wa tai ya kurudia hapa Chepseon hatoki kiwandani. Ni ule mpira wa tyubu. Umekatwa kwa wembe kuzunguka tyubu iliyokwisha kutobolewa mara nyingi kupita kiraka, ukawa utepe mrefu mweusi. Masizi ya kaboni tayari yamo ndani yake, basi jua haliusumbui. Unaoshwa kwa mvua. Haudai umbo lolote kutoka kwa mzigo. Tena una akili ambayo plastiki ngumu haina: barabara ya vumbi ikitikisa pikipiki, viazi hujipanga upya ndani ya gunia na mzigo hupungua unene kidogo kidogo. Tai ya urefu mmoja hulegea hapo, nawe usijue mpaka gunia liko mtaroni. Mpira hufuata mzigo ukipungua, ukabaki umebana. Mbunifu anayetaka kumshinda huyu atakuwa amejipatia kazi. Pengine angeanza kwa kumlipa bodaboda chai ya saa nne, amwombe amwonyeshe polepole.

Mwendeshaji mmoja alifika na magunia mawili ya karoti kwenye pikipiki iliyoinama nyuma. Alisimama mbele ya duka, akatafuta kwa vidole ncha ya mpira chini ya kiti bila kuangalia, akaichomoa kwenye kitanzi chake. Mpira ukaruka. Aliuzongoa mara nne, tano, magunia yakashuka mgongoni mwa mpagazi.

"Umefunga na fundo gani, kijana?" mzee aliyeketi kwenye benchi akauliza.

"Si fundo, mzee. Nimeichomeka tu hapo chini ya nyingine."

Mpira wenyewe aliuviringisha kwenye chuma cha nyuma ya kiti, akaichomeka ncha chini ya mzunguko wake wa mwisho, kisha akageuza pikipiki upande wa Kedowa.